Nafasi nyeusi kati ya mifupa

Nina picha mbili za eksrei kwenye droo ya meza yangu. Moja ni ya mkono wa mpwa wangu, iliyopigwa alipokuwa na miaka 9, siku aliyoanguka kutoka juu ya ukuta. Nyingine ni ya goti la mama yangu, iliyopigwa mwaka huohuo. Nikizitoa huziinua dirishani pamoja, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, na kila mara macho yangu huenda palepale: si kwenye mifupa, bali kwenye weusi ulio kati ya mfupa na mfupa.

Siku ile ya mpwa wangu, dada yangu aliiona picha kabla hatujaelezwa lolote. Karibu na kifundo cha mkono, mfupa mnene wa kigasha ulikuwa umekatwa na mstari mweusi kutoka ukingo hadi ukingo, kama uliopitishiwa msumeno. Dada akajishika mdomo. “Si huu hapa umekatika?” Daktari akasogea, akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari ule, akasema kwa upole, “Hapana, mama. Hapo ndipo anaporefukia.” Mtoto mwenyewe, ambaye mkono wake ulikuwa umeteguka tu, alikuwa na lake. “Mjomba, sasa nikimaliza kurefuka, huu mstari utaenda wapi?”

Miezi michache baadaye nilikaa kwenye kiti kama kile, safari hii pembeni ya mama. Kwenye goti lake weusi ulikuwa upande mmoja tu. Upande wa nje, mfupa wa paja na mfupa wa ugoko ulikuwa umeachana kwa nafasi nzuri iliyolingana. Upande wa ndani ilikuwa imegusana, mfupa juu ya mfupa, na kingo zake zimeota vijipembe. Daktari akasema nafasi imekwisha. Mama akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Lakini daktari, mifupa si inatakiwa ishikane?”

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Somo la viungo nimelifundisha miaka mingi, na kila mwaka nilichora ubaoni safu tatu: viungo visivyosogea, vinavyosogea kidogo, vinavyosogea kwa uhuru. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakajibu mtihani, wakasahau. Maswali yale mawili, la bibi na la mjukuu, yalinionyesha nilichokuwa nakiruka. Nilikuwa nafundisha mifupa inayokutana, wakati kiungo ni kile kilichopo katikati yake. Ukijua kuna nini katikati, huhitaji kukariri safu yoyote.

Kabla sijaendelea, neno lenyewe. Kiungo limetoka kwenye kuunga, na Kiswahili hulitumia kwa mkono mzima na mguu mzima, na pia kwa pale mkono au mguu unapokunjikia. Hapa nalitumia kwa maana hiyo ya pili: mahali mfupa unapokutana na mwenzake, ukunjike au usikunjike. Sehemu kama hizo tumezipa pia majina yanayojieleza yenyewe. Kifundo, kwa kuwa panafanana na fundo. Pingili, kama za mwanzi.

Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliigawa mikutano ya mifupa katika mafungu mawili, diathrosisi yenye mwendo unaoonekana wazi, na sinathrosisi isiyo nao. Baadaye likaongezwa fungu la kati, amfiathrosisi, la viungo vinavyonepa tu. Hiyo ni njia ya kupanga viungo kwa kazi yake. Njia ya pili haiulizi kiungo kinafanya nini, inauliza kimejengwa kwa nini: kwa nyuzi, kwa gegedu (kitu kigumu kinachonepa, kama cha sikio), au kwa uwazi wenye ute ndani yake. Vitabu huziweka njia hizi mbili bega kwa bega, kama orodha mbili zisizojuana. Mimi nasema ya pili ndiyo mama wa ya kwanza. Weka nyuzi fupi, ngumu, zilizobanana kati ya mifupa miwili, na haitasogea. Weka kipande cha gegedu, na itanepa. Acha uwazi, uulainishe, na itateleza.

Anza na fuvu. Ubongo umezungukwa na mifupa 8, na kwa mtu mzima mipaka yake ni mishono yenye meno yaliyoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Kati ya meno hayo mna nyuzi nyembamba, basi. Lakini fuvu la mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa. Mishono yake bado ni mipana, na pale mifupa kadhaa inapokutana panabaki utando laini usio na mfupa. Ule utosi unaoudundia kiganja chako ukimpapasa mtoto kichwani ni mmojawapo. Wakati wa kuzaliwa mifupa hiyo hupandana kidogo, mmoja ukilalia ukingo wa mwenzake, ndipo kichwa kipite. Utosi wa nyuma kwa kawaida hujifunga mtoto akiwa na miezi 2 hivi. Wa mbele husubiri hadi miezi 12 au 18, na kwa wengine hukaribia miaka 2. Mshono ukijifunga mapema mno, ubongo hauachi kukua, kwa hiyo fuvu hulazimika kupanuka kuelekea kwingine na kichwa hupinda umbo. Hapo madaktari wa upasuaji huingia kufungua kile ambacho mwili umefunga kabla ya wakati wake.

Jino nalo ni kiungo. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini mzizi wa jino umekaa ndani ya taya kama msumari ndani ya mbao, na jina lake la kitaalamu, gomfosisi, limetokana na neno la Kigiriki la msumari. Bonyeza jino la mbele kwa ncha ya kidole. Linanepa, kidogo sana. Kati ya mzizi na mfupa wa taya mna nyuzi zenye unene wa takriban robo ya milimita, na ndani ya nyuzi hizo mna neva. Ndiyo maana punje moja ya mchanga ikiingia kati ya meno unaijua papo hapo. Nyuzi hizohizo ndizo zinazowezesha meno kunyooshwa kwa waya: ukilisukuma jino polepole kwa miezi, mfupa wa mbele yake hulika na wa nyuma yake hujengwa. Na kwa kuwa zimetengenezwa kwa kolajeni, protini ambayo mwili hauwezi kuijenga vizuri bila vitamini C, mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi baharini waliona meno yao yakilegea na kung'oka.

Nyuzi zikirefushwa, kiungo cha nyuzi huanza kuwa na mwendo. Mifupa miwili ya kigasha imeunganishwa kwa utando mrefu unaoiruhusu kuzungukana unapogeuza kiganja juu na chini. Mifupa miwili ya chini ya goti imefungwa vivyo hivyo juu tu ya kifundo cha mguu, lakini kwa kubanwa zaidi, na mchezaji aliyeteguka hapo hukaa nje muda mrefu kuliko aliyeteguka chini yake.

Sasa gegedu, na mstari mweusi wa mpwa wangu.

Mstari ule ni kipande chembamba cha gegedu kilichokaa kati ya shina la mfupa na ncha yake. Eksrei hukwama kwenye madini ya mfupa, lakini gegedu inalipita karibu bila kizuizi, kwa hiyo pale lilipo picha huonyesha weusi. Ndani ya weusi huo seli hugawanyika, hujipanga safu kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, hunenepa, kisha hufa na nafasi yake kujengwa mfupa. Ncha inasukumwa mbele, shina linarefuka. Kwa hesabu ya wanaanatomia hicho ni kiungo kamili, sinkondrosisi, ingawa hakuna kinachokunjika hapo. Na ni kiungo kilichoumbwa ili kije kutoweka. Balehe ikifika, homoni, hasa estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia, huamuru gegedu lisimame, na mfupa hulivuka. Kwa kawaida wasichana hufunga mapema kuliko wavulana. Sehemu ya mwisho kabisa ni ncha ya ndani ya mtulinga, ile unayoipapasa chini ya koo. Hiyo huweza kusubiri hadi katikati ya miaka ya ishirini na kitu.

Kwenye picha ya mtoto yule kuna jambo jingine nililolitambua baadaye. Mifupa ya kifundo cha mkono ni 8, lakini ukitazama kwa makini yake haijafika yote. Iliyopo imeelea kama visiwa, na bahari nyeusi katikati. Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida hakuna hata mmoja unaoonekana kwenye eksrei. Yote bado ni gegedu. Huanza kujitokeza mmoja mmoja kwa utaratibu unaojulikana, na wa mwisho, kijiwe kidogo cha upande wa kidole cha mwisho, hungoja hadi karibu miaka 9 hadi 12. Ndiyo maana daktari anaweza kuitazama picha ya mkono akakadiria mwili wa mtoto umefika wapi katika kukua, bila kujali umri ulioandikwa kwenye cheti.

Si kila gegedu huja likageuka mfupa. Kuna viungo vya gegedu vilivyoumbwa vidumu, navyo vimejipanga kwenye mstari wa katikati ya mwili. Kinena ni kimoja, pale mifupa miwili ya nyonga inapokutana mbele. Mwanamke akiwa mjamzito nafasi hiyo huongezeka kwa milimita chache, kwa homoni zinazolegeza nyuzi, na baadhi hupata maumivu makali wanapogeuka kitandani au kupanda ngazi. Maumivu hayo ni ya kweli na yana mahali pake mwilini. Anayeyalalamikia asiambiwe anadeka.

Vingine ni zile sahani 23 zilizokaa kati ya pingili za uti wa mgongo. Kila sahani ni pete za nyuzi ngumu zilizouzunguka moyo laini uliojaa maji. Zikijumlishwa zinafanya kama robo ya urefu wa uti wenyewe. Mchana kutwa uzito wa mwili huyakamua maji hayo taratibu, na usiku ukilala hurudi. Jipime asubuhi unapotoka kitandani, ujipime tena usiku: utakuta umepungua kama sentimita 1. Wanaanga, ambao huko juu hawana uzito wa kuzikamua sahani zao, hurefuka hadi kama sentimita 5, kisha hurudi kwenye urefu wao wakishatua duniani. Sahani moja ikinepa kidogo haionekani, lakini 23 zikinepa pamoja mtu anainama akafunga kamba za viatu.

Nimefika kwenye uwazi, na hapa nitakaa.

Kiungo cha aina ya tatu hakina kitu kinachoishikanisha mifupa moja kwa moja. Kila ncha imevikwa gegedu laini, halafu mfuko mgumu umezizunguka zote mbili, na ndani ya mfuko kuna utando unaotoa ute. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, ndiye anayetajwa kuwa aliuita ute huo sinovia, na kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa linaufananisha na weupe wa yai. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo halihitaji maelezo, kwa sababu tunasema ute wa yai tangu zamani. Ni kidogo mno. Goti zima, kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, lina mililita chache tu, pungufu ya kijiko cha chai. Na una tabia ya ajabu: kiungo kikitulia huwa mzito, kikisogea huwa mwepesi.

Gegedu linaloteleza ndani ya ute huo lina unene wa milimita 2 hadi 4 kwenye sehemu nyingi za goti, na nyuma ya pia ya goti ni nene kuliko popote pengine mwilini. Msuguano kati ya gegedu na gegedu ni mdogo kuliko wa barafu juu ya barafu. Lakini halina mshipa hata mmoja wa damu, wala neva. Linaishi kwa ute. Ukikanyaga, linakamuliwa kama sponji na uchafu hutoka. Ukiinua mguu, linanyonya ute wenye chakula chake. Kiungo kisichotembezwa kina gegedu lenye njaa. Sentensi hiyo nilitamani ningeiandika ubaoni tangu mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kabla ya zile safu tatu.

Ukosefu wa damu una gharama. Mwaka 1743 William Hunter, daktari Mskoti aliyefanya kazi London, alichapisha maelezo yake juu ya magegedu ya viungo, akasema wazi kwamba gegedu likishaharibika halijirudishi. Karibu miaka 300 imepita, na pamoja na mbinu zote za kupandikiza seli, bado hakuna aliyeweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Ukosefu wa neva nao una gharama: gegedu linasagika bila kupiga kelele. Mama hakuhisi lolote mpaka uharibifu ulipoufikia mfupa na utando, ambavyo neva vinazo.

Wanafunzi huniuliza kuhusu kualisha vidole, wengine huita kuvunja, nami hupenda swali hilo kwa sababu linafika moja kwa moja kwenye uwazi. Ukikivuta kidole, mfuko unatanuka, shinikizo ndani ya ute linashuka ghafla, na gesi iliyoyeyuka humo inafanya tundu. Mwaka 2015 watafiti nchini Kanada waliviweka vidole ndani ya mashine ya MRI na kupiga picha mfululizo, na tundu jeusi likaonekana kwenye sekunde ileile ya mlio. Kidole hichohicho hakitalia tena mpaka zipite kama dakika 20. Je, kinaleta ugonjwa wa viungo? Daktari wa Marekani, Donald Unger, alivialisha vidole vya mkono wake wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia kama kipimo. Hakupata ugonjwa huo mkono wowote. Ni mtu mmoja tu, lakini uvumilivu wake naustahi.

Viungo vya uwazi hugawanywa tena kwa umbo, na mafungu hayo ni 6. Sitayapitia yote kwa uzito sawa. Viungo bapa, kama vile vya kati ya vijifupa vya kiganja, huteleza kidogo tu na kutulia. Fundo za vidole vinapoanzia kiganjani hukunja na kutanuka pande mbili. Kiwiko ni bawaba, ingawa ndani ya mfuko wake mmoja mmejificha viungo vitatu. Kimojawapo ni kichwa cha mfupa wa upande wa dole gumba, kinachozunguka ndani ya pete ya ligamenti, yaani ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 pete hiyo bado ni legevu, na akinyanyuliwa ghafla kwa mkono mmoja, kichwa kile huchomoka. Mtoto huacha kuutumia mkono, ameuning'iniza tu. Naliandika hili kwa herufi za kawaida lakini ningependa lisomwe kwa sauti: mtoto mdogo anyanyuliwe kwa kushikwa makwapani.

Dole gumba lina tandiko. Mfupa wake wa kwanza na kijifupa cha kifundo kilicho chini yake ni kama matandiko mawili ya farasi yaliyowekwa moja juu ya jingine kwa kukingamana. Ndiyo maana unaweza kulileta dole gumba mbele ya kiganja likagusa ncha ya kidole cha mwisho. Shika kalamu, halafu jaribu kuishika bila dole gumba.

Na shingo! Fuvu limekaa juu ya pingili ya kwanza, iliyopewa jina la Atlasi, yule jitu la ngano za Kigiriki aliyebeba mbingu. Hapo kichwa huinama na kuinuka, kama unapoitikia ndiyo. Ukitikisa kichwa kushoto na kulia kukataa, mwendo huo haufanyiki hapo, unafanyika chini yake, ambapo pingili ya pili imesimamisha kigingi cha mfupa na ile ya kwanza inakizunguka. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutoka kwenye kigingi hicho kimoja. Ukifuatilia mimba inavyokua, utaona kigingi chenyewe kilikuwa kiini cha pingili ya kwanza. Kilijitenga nayo kikaungana na ya pili. Yaani pingili moja ilitoa moyo wake ili nyingine iwe na mhimili. Kinachokizuia kisirudi nyuma na kuuchoma uti wa neva ni ukanda mmoja wa ligamenti uliopita nyuma yake.

Bega na nyonga ni ndugu, vyote viwili ni tufe ndani ya kikombe, na ukivilinganisha unaona biashara ambayo mwili umeifanya. Kikombe cha bega ni kifupi kama kisahani. Kinagusa sehemu ndogo tu ya tufe kwa wakati wowote. Kinachoushikilia mkono hasa ni misuli minne iliyoukumbatia mzingo. Faida yake ni mkono unaofika juu, nyuma, kando, popote. Hasara yake inajulikana: hakuna kiungo kikubwa kinachochomoka mara nyingi kama bega, na karibu mara zote huchomokea mbele. Nyonga ilichagua kinyume. Kikombe chake ni kirefu, kimelimeza tufe zaidi ya nusu, na mbele yake imepita ligamenti yenye umbo kama herufi Y iliyopinduliwa, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote mwilini. Ukisimama wima hujikaza, nawe unaweza kusimama muda mrefu misuli ikiwa imepumzika. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari wa upasuaji John Charnley aliweka tufe dogo la chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na nyonga za bandia tunazozijua leo zinatokana na kazi hiyo. Wazo lake lilikuwa kupunguza msuguano. Aligundua, kama kila anayejaribu, kwamba gegedu ni mshindani mgumu.

Kabla daktari hajaligusa goti la mama, alimlaza na kulizungusha paja lake. Mama akanitazama, kwani alikuja kwa goti. Lakini neva zinazohudumia nyonga zinahudumia na goti, jambo alilolifafanua daktari Mwingereza John Hilton katika mihadhara yake ya miaka ya 1860, na mara nyingine nyonga inaumwa na goti ndilo linalolia. Mtoto anayelalamikia goti huku goti halina kitu, apimwe nyonga. Ya mama ilikuwa nzima.

Goti huitwa bawaba, na jina hilo halilitoshi. Ukiunyoosha mguu mpaka mwisho, katika hatua ya mwisho kabisa ya kunyooka mfupa wa paja hujizungusha ndani kidogo juu ya ule wa ugoko na kujifunga kama komeo. Ukitaka kukunja, msuli mdogo nyuma ya goti hulifungua kwanza. Katikati kuna mikanda miwili iliyokingamana, na kila upande kuna kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga, kinachoueneza mzigo. Na mzigo ni mkubwa. Kwenye mwendo wa kawaida goti hubeba zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili, kwenye ngazi zaidi ya mara 3. Kwa mama yangu mwezi mchanga wa upande wa ndani ulikuwa umechakaa, na mzigo wote uliangukia gegedu lisilo na kinga.

Nilimjibu swali lake njiani tukirudi. Nikamwambia mifupa haitakiwi kushikana, inatakiwa ikaribiane tu, na kwamba ule weusi alioudhani ni utupu ndio uliokuwa umembeba miaka yote. Akanyamaza. Kisha akasema, “Basi nimeutumia.” Nilitaka kumfariji, nikaona hakuhitaji. Alichotaka ni kujua afanye nini na uliobaki. Fiziotherapia yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kuketi ukingoni mwa kitanda na kusimama bila kujishika, mara 10, asubuhi na jioni, ili misuli ya paja ibebe kile ambacho gegedu halikibebi tena. Wiki za kwanza alikuwa akihesabu kwa sauti na goti likikwaruza kwenye kila namba. Bado linakwaruza. Ngazi anapanda.

Mpwa wangu sasa ana miaka 18. Mwezi uliopita aliuangukia mkono uleule, akapigwa picha, haukuvunjika, akaja nayo kwetu. Tukaiweka dirishani kando ya ile ya zamani. Pale palipokuwa na mstari mweusi pamebaki uzi mweupe mwembamba, kama kovu, ambao nao utafifia. “Mjomba, ndiyo huu?” akauliza, akiufuata kwa kidole. Mama akajongea, akaichukua picha mikononi mwake na kuisogeza karibu na macho. Visiwa vyote 8 vilikuwa vimefika, vimekaribiana, na kati ya kila kimoja na jirani yake kuna kijito cheusi.

“Huo umefunga,” akasema. “Na hii je?”

“Hiyo haifungi, mama. Hiyo inabaki.”

Akaanza kuihesabu kwa ukucha.